Kiberiti na Mto Unaotetemeka

Grr, grr, grr. Kulikuwa bado giza, na mama ndiyo kwanza alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazini, simu ilipoanza kutetemeka juu ya sinia la bati. Sinia nalo likatetemesha vikombe, vikombe vikagongana, na chumba kizima kikawa kama kimeshikwa na homa.

“Kiberiti!” mama aliita kwa sauti ya chini ili asimwamshe bibi. “Hiyo simu ina nini leo? Itanivunjia vikombe.”

Kiberiti alikuwa ameshatoka kitandani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mdogo wa umbo, mwembamba, na maneno yake yaliwaka upesi kama njiti. Ndiyo maana shuleni walimwita hivyo, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Aliikamata simu, akaangalia kioo, akashika mdomo.

“Mama! Nyuso za kucheka mia nne na kumi na mbili!”

“Nyuso za nani?”

“Za watu! Wamecheka maoni yangu. Mia nne, mama!”

“Haya, uwaambie hao mia nne waje wakusaidie kuosha vyombo,” mama alisema. Akamfunika bibi bega lililokuwa wazi, akatoka kwenda kiwanda cha mikate alikokuwa akifanya kazi. Kiberiti hakumsikia hata akifunga mlango. Alikuwa anahesabu. Mia nne kumi na tatu. Mia nne kumi na sita.

Simu hiyo ilikuwa ya bibi. Mama aliinunua ili aweze kumjulia hali akiwa kazini. Lakini macho ya bibi hayakuwa tena ya kusomea maandishi madogo, kwa hiyo kila jioni, bibi akichambua mboga, Kiberiti alimsomea habari kutoka kwenye ukurasa wa gazeti mtandaoni. Bibi alipenda sana habari za sayansi na mitambo.

Sasa, ukurasa huo ulikuwa na taratibu zake. Kusoma vichwa vya habari na kuandika maoni hakukula bando. Kufungua habari yenyewe ndiko kulikokula. Mama alikuwa amesema bando hilo ni la dharura, na Kiberiti aliitii amri hiyo kwa njia yake mwenyewe: alisoma vichwa vyote, na habari hakufungua hata moja.

“Wamepeleka chombo kingine mwezini,” angesoma.

“Wamefuata nini huko?” bibi angeuliza.

“Sijui, bibi. Hiyo iko ndani.”

“Basi fungua ndani.”

“Tutamaliza bando, bibi.”

Bibi angeguna na kuendelea na mboga zake, akabaki na chombo kilichokwenda mwezini bila sababu.

Lakini maoni! Hapo Kiberiti hakuwa na mpinzani. Siku moja gazeti liliandika kwamba wanasayansi wamegundua sayari isiyo na hewa. Kiberiti akaandika chini yake: “Hiyo si sayari, ni darasa letu saa nane mchana.” Siku nyingine likaandika kwamba roboti imefundishwa kufua nguo. Akaandika: “Ifundishwe kwanza kutafuta soksi ya pili.” Kila Ijumaa mhariri alichagua maoni matano ya kuchekesha na kuyachapisha kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti la karatasi. Aliyechapishwa mara tatu aliandikwa kwa herufi nene: Bingwa wa Maoni. Kiberiti alikuwa ameshachapishwa mara mbili, na tangu hapo hakuwa na utulivu. Akila, aliwaza maoni. Akifagia, alisimama katikati ya chumba na ufagio mkononi. Akilala, vidole vyake viliandika juu ya shuka.

Jioni ya Jumatatu, siku moja kabla ya asubuhi ile ya vikombe kugongana, alikuwa amekutana na kichwa hiki: “Fundi redio atengeneza mto unaotetemeka.” Hakufikiri hata dakika moja. Akaandika: “Fundi asijisumbue! Aje kwetu aone: kaka yangu akiota mtihani wa hesabu, mto, kitanda na paka wote wanatetemeka bure.”

Kiberiti hakuwa na kaka. Paka pia hakuwa naye.

Shuleni Jumanne hiyo alipokewa kama mchezaji aliyefunga bao. Wenzake walijitikisa mabega kila walipomwona. “Mto unatetemeka! Kitanda kinatetemeka! Paka anatetemeka!” waliimba, na yeye akainama kama anayepokea zawadi. Rafiki yake peke yake, msichana waliyemwita Miwani, ndiye aliyekuwa anakuna kichwa.

“Lakini mto wa kutetemeka ni wa nini?” Miwani aliuliza.

“Nitajuaje?”

“Si uliisoma?”

“Nilisoma kichwa. Utani wote uko kwenye kichwa, Miwani. Ukienda ndani unakuta maelezo tu.”

“Mimi ningetaka kujua,” Miwani alisema, akasafisha miwani yake kwa pindo la sketi.

Ijumaa gazeti lilitoka. Maoni ya Kiberiti yalikuwa ya kwanza kabisa, na chini yake, kwa herufi nene: Bingwa wa Maoni. Alikata kipande hicho kwa mkasi, akakibandika ukutani juu ya kitanda, akakibandua, akakibandika karibu na mlango. Bado hakutulia. Alianza kuwaza utani wa wiki inayofuata, na alikuwa kama mtu aliyeshiba ambaye bado anatafuta chakula.

Jumamosi asubuhi bibi alimpa redio yake ndogo. “Kitufe cha sauti kimelegea. Mpelekee fundi pale nyuma ya soko. Na umsalimie. Mara ya mwisho alinitengenezea waya na akakataa malipo. Akasema waya wenyewe ulikuwa mfupi.”

Kiberiti aliijua karakana ya fundi huyo: chumba kimoja, rafu za redio zilizofunguliwa matumbo, harufu ya risasi inayoyeyushwa kuungia nyaya. Kwa kawaida mlango ulikuwa wazi tangu saa mbili. Leo bawa moja la mlango lilikuwa limefungwa. Alipokaribia, vijana wawili waliokuwa wakisukuma mkokoteni walipita mbele ya karakana, mmoja akapaza sauti:

“Fundi! Mto wangu umesimama, njoo uutetemeshe!”

“Mwache,” mwenzake akajibu huku akijitikisa, “hajamaliza wa paka!”

Wakacheka mpaka mkokoteni ukaenda upande. Kiberiti alisimama pale pale. Yale yalikuwa maneno yake. Aliyatambua kama mtu anavyoitambua nguo yake ikiwa imevaliwa na mtu mwingine.

“Ingia, mwanangu, usisimame juani,” sauti ilisema kutoka ndani.

Fundi alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe, na shati lake lilikuwa jipya, limeshonwa vizuri mno kwa mtu wa kazi ya mafuta na risasi. Alimsogezea Kiberiti kigoda upande wenye kivuli, akapokea redio, akauliza hali ya bibi. Kisha akaanza kazi bila kusema zaidi. Juu ya meza, karibu na kiwiko chake, kulikuwa na mto wenye foronya nyeupe iliyopigwa pasi.

Kiberiti aliuonyesha kwa kidole. “Ndio huo?”

“Nawe umesoma?” Fundi alitabasamu kidogo. “Ndio huu. Umerudishwa juzi. Umefuliwa, umepigwa pasi, na juu yake nikaletewa shati hili. Mteja mwenye adabu kuliko wote niliowahi kupata. Ningependa yeye abaki na mto na mimi nibaki na shati bovu.”

“Ni wa nini, babu?”

Fundi alimwangalia kwa mshangao. “Kumbe hukusoma?” Lakini hakungoja jibu. Alichukua kisanduku kidogo kilichounganishwa na mto kwa waya. “Hiki kinawekwa karibu na mtoto. Kina sikio ndani. Mtoto akilia, kinaupelekea mto habari. Ndani ya mto nimeweka vile vidude vinavyotetemesha simu. Nimevitoa kwenye simu zilizokufa. Gusa.” Akapiga makofi karibu na kisanduku. Mto ukanguruma chini ya kiganja cha Kiberiti kama kiumbe hai.

“Yule mshonaji wa sare, unamjua? Wa mtaa wa bomba. Hasikii tangu utotoni. Mumewe anasafiri na malori. Mtoto akilia usiku, yeye hajui. Alikuwa anafunga uzi, mwisho mmoja kwenye mguu wa mtoto, mwingine kwenye mkono wake. Nikasema hapana, hili linatengenezeka. Miezi minne nimehangaika nalo.” Akafuta kisanduku vumbi ambalo halikuwapo. “Wiki tatu alilala kama watu wengine. Kisha gazeti likaandika, na majirani waliomwona akiuchukua mto kwangu wakaanza kucheka. Kicheko hakisikii, lakini macho anayo. Akienda bombani, anaona mabega yanavyotikisika. Akaurudisha. Sasa amerudi kwenye uzi.”

Kitufe kilikuwa kimekazwa. Fundi alimrudishia redio. “Mwambie bibi ni skrubu moja tu, hatudaiani.”

Kiberiti alitaka kusema kwamba utani ule ni wake. Badala yake akashukuru, akaondoka karibu akikimbia.

Nyumbani hakukaa. Alienda mlangoni, akarudi. Alimimina maji, hakuyanywa. Mwishoni alichukua simu, na kwa mara ya kwanza akaifungua ile habari, bando liliwe lisiliwe. Yote yalikuwa ndani: mshonaji, mtoto, uzi, miezi minne. Katika picha, mshonaji alikuwa amemkumbatia mtoto na kucheka. Na chini ya picha hiyo, juu ya maoni mengine yote, ulikaa utani wa Kiberiti na nyuso zake za kucheka, ambazo sasa zilikuwa zimepita elfu moja.

“Wewe mtoto umekanyaga moto?” bibi aliuliza. “Kaa chini.”

“Siwezi, bibi.”

“Basi sema ukiwa umesimama.”

Akasema yote huku akilia: kichwa cha habari, kaka ambaye hayupo, vijana wa mkokoteni, uzi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea. Alimpa ile bilauri ya maji, akangoja ayamalize, kisha akatafuta viatu vyake chini ya kitanda.

“Tunaenda wapi?”

“Kwa fundi. Halafu huko kwingine. Kulia hapa hakumfikii mtu yeyote.”

Fundi aliposikia, alizungusha bisibisi kati ya vidole.

“Kumbe Bingwa ni wewe,” alisema. “Unajua nilicheka? Siku ya kwanza nilicheka kweli, hasa kwa paka. Siku ya tatu sikucheka.” Akautia mto na kisanduku chake kwenye mfuko wa kitambaa, akafunga karakana.

Mshonaji aliishi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ndefu. Cherehani ilikuwa dirishani, na sare za shule zilikuwa zimekunjwa kwa safu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mkononi alikuwa na mstari wa uzi, na kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, mstari mwingine mwembamba, mwekundu. Kiberiti aliuona na akashindwa kuangalia pengine.

Mshonaji alipouona mfuko wa fundi, alitikisa kichwa: hapana. Akaonyesha nje, kuelekea bombani, akatikisa mabega yake kama wanavyofanya wale wanaocheka. Hapana.

Kiberiti alitoa simu. Alimwonyesha ule utani, kisha akajigusa kifua. Mimi. Mshonaji alisoma, akamtazama, akasoma tena. Hakukasirika, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika juu ya kipande cha kitambaa cheusi: KWA NINI?

Kiberiti aliichukua chaki. Akaandika: SIKUSOMA.

Mshonaji alikaa kitini kwa uchovu. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka na kuinuka. Ndipo Kiberiti akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alionyesha kitanda, akaweka viganja viwili chini ya shavu: lala. Kisha akaonyesha sikio lake mwenyewe, na mtoto, na bega la mshonaji. Akilia, nitakugusa.

Mama yule alimtazama bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa, akaketi mlangoni na kuanza kukunja sare zilizokuwa zimebaki, kama ndiyo kazi iliyomleta. Fundi alikaa nje barazani. Mshonaji akajilaza, na kabla kichwa hakijatulia vizuri, akawa amelala.

Kiberiti aliketi kando ya mtoto. Dakika tano zilipita, na miguu ikaanza kumuwasha. Dakika kumi, na simu ikatetemeka mfukoni. Grr. Nani ameandika nini? Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe. Lakini kama angeangalia kioo wakati mtoto anafungua mdomo? Mama huyu hakuwa na masikio mengine mchana huu isipokuwa haya mawili ya Kiberiti. Akaitoa simu, akamkabidhi bibi, akarudi kukaa. Alisikiliza pumzi ya mtoto. Alisikia vitu ambavyo hajawahi kuvisikia: nzi kwenye kioo cha dirisha, mkasi wa mtu chumba cha pili, sare zikikunjwa. Mgongo ulimuuma. Saa nzima ilipita, kisha ya pili ikaanza.

Mtoto alikunja uso, akatoa sauti ndogo, kisha kubwa. Kiberiti akagusa bega la mama. Mshonaji alishtuka, akanyoosha mkono wenye alama ya uzi, akakuta mtoto tayari amewekwa kifuani pake. Alikaa hivyo akinyonyesha, akamwangalia yule msichana mwembamba aliyekuwa amenyooka kama askari wa zamu. Kisha, polepole, akatabasamu. Akaonyesha mfuko wa fundi.

Fundi aliuleta mto mbio, kama anayeogopa atabadili mawazo, akachomeka waya kwenye kisanduku.

Lakini bado kulikuwa na watu wa bombani. Asubuhi iliyofuata Kiberiti alichukua ndoo na kwenda mtaa wa bomba. Mshonaji alikuwa kwenye foleni, na mabega ya wanawake wawili yalikuwa yameshaanza kutikisika. Kiberiti alipanda juu ya ukingo wa saruji.

“Samahani, mama zangu. Ule utani wa mto niliandika mimi.”

“Wewe?” mmoja alisema. “Kidude hiki? Mimi nilidhani ni mtu mzima na ndevu zake!”

“Ni mimi. Na kaka sina. Na paka sina. Na habari sikuisoma.” Akawaeleza mto ni wa nini, na uzi ulifungwa wapi. Alieleza bila mzaha hata mmoja. Alipomaliza, maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyeyafunga.

“Sisi tulidhani ni anasa ya kukandwa mgongo,” mwanamke wa pili alisema, akajifunika mdomo kwa mtandio. Kisha akaichukua ndoo ya mshonaji iliyokuwa nyuma ya foleni, akaiweka ya kwanza chini ya bomba. Mshonaji aliona.

Jioni Kiberiti aliufuta utani wake na kuandika maoni mapya: “Mimi ndiye niliyewachekesha kuhusu mto. Nilisoma kichwa cha habari tu, kama mtu anayelamba kifuniko na kusema mboga haina chumvi. Mto huu unamwamsha mama asiyesikia mtoto wake akilia. Fungueni habari mwisome. Mimi nimechelewa, nyinyi msichelewe.”

Mpaka Jumatatu alikuwa amepata nyuso za kucheka tisa. Tisa tu! Lakini chini yake watu walianza kuuliza: fundi anapatikana wapi? Mama yangu hasikii, unaweza kuunganishwa na hodi ya mlango? Mhariri naye akabadili kichwa cha habari, kikawa: “Mto unaomwamsha mama asiyesikia mtoto akilia.” Na mwalimu wa shule ya viziwi akaandika kwamba atakuja karakana na wanafunzi wake wakubwa kujifunza kuutengeneza.

Fundi alilifungua bawa la pili la mlango. Wiki hiyo Kiberiti alipita kila siku baada ya shule kumsaidia kufungua simu zilizokufa.

“Babu, niache kabisa kuandika utani?” aliuliza siku moja.

“Nani amekwambia?” Fundi aliweka chini kifaa chake. “Dunia bila utani ni redio bila betri. Utani wako ni mzuri. Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi nikiletewa redio, siigongi tu kifuniko na kusema imekufa. Nafungua. Naangalia ndani. Wakati mwingine nakuta kweli imekufa, na hapo naweza hata kuitania. Ila ukicheka kitu kabla ya kukijua, yule anayeumia humwoni, na ukija kumwona, maneno yako yameshafika kabla yako. Soma kwanza mpaka mwisho. Kisha uchekeshe. Na ukikosea, nenda kwa miguu yako ukasahihishe. Hilo la mwisho umeshalijua.”

Jumamosi walimpelekea mshonaji betri mpya. Alikuwa amenona kidogo usoni, na mstari kwenye mguu wa mtoto ulikuwa umefutika. Kiberiti alimbeba mtoto mpaka jua likapungua, na bibi alipoanza kuvaa viatu, mshonaji alimzuia kwa mkono. Akachukua kitambaa cheusi na chaki, akaandika bila haraka, akakigeuza kumwelekea yule msichana:

NJOO TENA JUMATANO. MTOTO ANAANZA KUKAA, NATAKA UMWONE.